Skrubu za Jeneza la Dishon

Jeneza la Dishon lilifika nyumbani kwao Uyoma siku ya Alhamisi mchana, nyuma ya pikapu ya Wanyonyi, na kabla vilio vya kulipokea havijatulia, mama yake akasema neno moja lililowasimamisha wote.

"Fungueni."

Ulikuwa mwaka wa tisini na moja. Dishon alikuwa ameondoka Kenya kitambo, kijana mwembamba aliyepata nafasi ya kusoma Amerika. Masomo yakamshinda au yakamchosha, hakuna aliyejua vizuri, akaajiriwa kwenye karakana ya kuunda mashua katika mji fulani wa baridi ambao jina lake pale nyumbani kila mtu alilitamka kivyake. Hakurudi hata mara moja. Picha alizotuma zilikuwa chache, zote za mbali, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Kisha mkuu wa ile karakana akapiga simu, akampata Mzee Ogola, baba mdogo wa Dishon, ofisini kwake Kisumu. Dishon alianguka kazini, moyo ukasimama. Wenzake walikuwa wakichanga nauli ya kumrudisha, na jeneza walikuwa wameliunda wenyewe, palepale karakanani.

Na kweli hilo lilionekana. Halikuwa jeneza la kununuliwa. Mbao zake zilikuwa nyekundu, zimepigwa vanishi mpaka mtu anaona kivuli cha uso wake, na pembe zilikuwa zimeungana bila hata ufa wa kupitisha unywele, kama ubavu wa mashua. Kuzunguka kifuniko chote zilipangwa skrubu za shaba, kubwa kwenye kingo na ndogo kwenye ukanda wa katikati.

"Nyar Sakwa," Mzee Ogola alimwambia mama kwa upole, akimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "karatasi zote ziko hapa. Muhuri wa daktari, muhuri wa serikali yao, muhuri wa serikali yetu. Ni Dishon."

"Mimi sikuzaa karatasi," Mama Aoko alisema. "Nimepigiwa simu nikaambiwa amekufa. Nimeletewa sanduku nikaambiwa yumo ndani. Nani kati yenu ameuona uso wake?"

Macho ya watu yakahama, mmoja baada ya mwingine, yakamwangukia Absalom.

Absalom ndiye aliyekuwa mdogo wake marehemu, na ndiye aliyekuwa fundi. Yeye na Wanyonyi walikuwa na gereji yao Kondele, mjini Kisumu, na kisanduku cha vifaa hakikuwahi kushuka kwenye ile pikapu. Akakiendea. Akachagua bisibisi ya nyota, ile ambayo mafundi wote huiita stari, kwa kuwa vichwa vya zile skrubu vilikuwa na msalaba, na msalaba hufunguliwa kwa stari. Jambo la dakika chache tu. Akapiga magoti mbele ya watu, akaikandamiza, akazungusha.

Bisibisi ikaruka.

Akajaribu tena, safari hii akiilalia kwa uzito wa kifua. Ikashika kidogo, ikakwaruza, ikaruka tena, na unga wa shaba ukamwagika juu ya vanishi. Akahamia skrubu ya pili, akabadilisha bisibisi, kubwa kisha ndogo. Skrubu hiyo nayo ikaanza kulika. Jasho likamtoka. Alikuwa akisikia watu wakipumua nyuma yake.

"Lete tindo," mtu alisema. "Au shoka. Tupasue kifuniko, mama aone, tupigilie misumari tumalize."

Mama Aoko hakupiga kelele. Alitembea tu, akaketi kwenye mkeka na kuegemeza mgongo wake kwenye lile jeneza.

"Dishon hakuwahi kujenga nyumba katika boma hili," alisema. "Hii ndiyo nyumba pekee aliyojengewa. Watu wasiomzaa walimjengea vizuri hivi, na nyinyi ndugu zake mnataka kuivunja kwa shoka? Haivunjwi. Na hazikwi mtu nisiyemwona."

Mazishi yalikuwa yamepangwa Jumamosi. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia. Mzee Ogola alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Absalom aliinuka, akasema atafikiria namna, akaondoka pale haraka. Akaenda kuangalia kamba za turubai, ambazo zilikuwa sawa. Akaenda kuangalia mapipa ya maji, yaliyokuwa yamejaa. Akatoka nje ya boma, akarudi. Tangu simu ile ije hakuwa ameweza kuketi mahali pamoja mpaka chai ikapoa. Mkewe, Seline, alimwona akipita kwa mara nyingine nyuma ya jiko akamshika mkono.

"Wanyonyi anakutafuta, majirani wanakutafuta, na wewe unazunguka tu. Keti kidogo."

"Nitaketi."

Hakuketi. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Seline. Alikuwa mtoto Dishon alipoondoka. Miaka yote Kondele alikuwa amewasimulia watu kuhusu kaka yake wa Amerika, jinsi alivyoogelea, jinsi alivyocheka, na alikuwa amesimulia sana hata yeye mwenyewe akayaamini. Lakini simu ilipokuja, alipojaribu kuuona ule uso, hakuona kitu. Aliona kofia ya sufu. Sauti nayo haikuwepo. Sasa aliogopa kwamba kifuniko kitainuliwa, watu wote watalia, na yeye atasimama pale akimtazama mzee fulani wa watu asiyemjua. Na zaidi ya hapo, mahali fulani ndani kabisa, alitumaini shaka ya mama iwe kweli, kwamba ndani ya sanduku lile mna mtu mwingine.

Ijumaa alfajiri alirudi kwenye jeneza. Mama alikuwa palepale mkekani, amejifunika leso, macho wazi. Absalom alipiga magoti kando yake. Aliwasha mshumaa, akadondosha nta kwenye skrubu moja ambayo haikuguswa, akaingiza uzi kabla haijaganda, na ilipopoa akaivuta taratibu. Nta ikatoka na umbo kamili la kile kitundu. Akafanya vivyo hivyo kwenye skrubu moja ya mlango wa pikapu, ya stari ya kawaida, akaziweka zote mbili kiganjani.

Juu zilifanana kama mapacha. Lakini ile ya pikapu iliishia na ncha butu, kama kalamu ya risasi iliyotumika. Ile ya jeneza iliteremka ikawa kali kama mwiba.

Hapo akajua kosa lake. Alikuwa akiingiza ncha butu katika shimo lililochongoka, inagota njiani, haifiki chini. Lakini kujua kwamba kitu si stari si sawa na kujua ni nini.

"Tunarudi Kisumu," alimwambia Wanyonyi. "Sasa hivi."

Walifika mjini maduka yakifunguliwa. Absalom aliingia kila duka la vifaa alilolijua, akinyoosha kiganja chenye vipande viwili vya nta vilivyokuwa vikianza kulegea kwa joto la mkono. Mwenye duka mmoja alimletea ubao mzima wa bisibisi: bapa, stari za kila ukubwa, za pembe sita, za pembe nne. Absalom akazilinganisha na nta moja moja. Hakuna. Duka la pili wakamwambia stari ni stari, anunue mpya tu, yake itakuwa imeisha. La tatu hawakutaka hata kutazama. Kila alipotoka Wanyonyi alikuwa ameshawasha injini, na kila mara Absalom alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Omera, ndugu yangu," Wanyonyi alimwambia hatimaye, wakiwa wamezuiwa na mkokoteni pale njia panda ya Kondele. "Mimi si Mjaluo, lakini nimeishi na nyinyi. Naona kama hutafuti bisibisi. Naona kama unakimbia kitu."

"Endesha gari."

Wanyonyi akaendesha. Walipoipita njia panda akasema, "Kuna mzee wa kwetu anaitwa Wasike. Alikuwa bandarini, kwa meli, miaka mingi. Siku hizi amepanga Migosi. Kama hajui huyo, basi twende tukanunue shoka."

Walimkuta Mzee Wasike nje ya chumba chake, akirekebisha jiko la mafuta la jirani. Wanyonyi akamsalimu kwa Kibukusu, kwa heshima, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Mzee akampa Absalom pole ya msiba kwanza, akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko Absalom alivyoweza kuvumilia. Ndipo akaomba kuona.

Nta ya pikapu ilikuwa imeshavunjika. Ile ya jeneza aliigeuza kwenye mwanga, kisha akaishika kwa uzi wake kama mtu aliyeshika samaki mdogo.

"Hii nimeiona," alisema. "Kulikuwa na mashua ya wamisheni, ya injini, ilikuja na meli kutoka Amerika kabla ya Uhuru. Ilikuwa na hizi skrubu kila mahali. Sisi tulizoea za Mwingereza, za mfuo mmoja. Tukaona msalaba, tukasema ni stari, tukaziharibu. Mwenyewe akaja akatuonyesha bisibisi yake. Ncha kama mshale, mabega mapana. Na unajua nini? Hiyo moja ilifungua skrubu zote, kubwa na ndogo. Stari lazima ubadilishe kila saizi. Hii, ndogo inashikwa na ncha, kubwa inashikwa na mabega. Watu wa mashua wa huko waliipenda. Huku haijafika tena."

"Bisibisi yenyewe iko wapi, Mzee?"

"Iliondoka na mwenyewe."

Absalom akahisi miguu ikitaka kuondoka kabla yake. Lakini Mzee Wasike alikuwa bado anaitazama nta.

"Kwani wewe si fundi? Uko na umbo mkononi. Tengeneza. Lakini usinoe stari ya kawaida, itakuwa nyembamba, itajipinda. Tafuta chuma kigumu, kama ile panchi ya kutobolea. Uichonge ncha kali, lakini mabega yatanuke kuliko ya stari, halafu uipige mifereji minne kwa tupa ya pembetatu. Kila mara pima kwa nta."

"Mbili nimeshaziharibu."

"Uliharibu juu. Stari haikufika chini. Chini bado ni mpya."

Walirudi gerejini. Absalom akafunga panchi kwenye jiliwa, akawasha mashine ya kunoa, ikanguruma, cheche zikaruka, na kabla ncha haijapata sura stima ikapotea. Kondele yote ikanyamaza. Redio za vinyozi, mashine za kuchomelea, kinu cha unga. Akasubiri. Akatoka barabarani kutazama nyaya kana kwamba angeweza kuziamrisha. Akarudi ndani, akatoka tena.

"Stima ya Kisumu hairudi kwa kutazamwa," Wanyonyi alisema, akampa tupa.

Basi ikawa ni mkono. Mtu hawezi kupiga tupa akitembea, wala hawezi kuipiga kwa hasira, maana tupa iliyopelekwa kwa hasira huacha mfereji uliopinda. Dakika za kwanza Absalom alivuruga ubavu mmoja ikambidi aanze upya. Ndipo akavuta pumzi, akaweka miguu sawa, akaanza kupiga polepole, upande mmoja, kisha wa pili, anapima kwa nta, anarudi. Alifikiria, bila kutaka, juu ya watu wa mbali walioketi hivi na kukata mbao za mtu wa Uyoma. Kaka yake alifanya kazi ya mikono kila siku. Hilo hakuwahi kulifikiria. Katika hadithi zake za Kondele, Dishon alikuwa ofisini siku zote.

Ncha ilipofanana na nta bila tofauti hata ya unywele, Wanyonyi aliipasha moto kwenye makaa mpaka ikaiva nyekundu, akaitumbukiza kwenye oili chafu. Ikalia, ikatoa moshi. Wakaondoka.

Walipoingia bomani jua lilikuwa bado juu kiasi. Waimbaji wa kanisa walikuwa wameketi, na Mzee Ogola akizozana na vijana wawili kwa sauti ya chini. Shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya turubai. Mama Aoko alikuwa bado mgongo kwenye jeneza.

"Mama, sogea kidogo," Absalom alisema.

Alimtazama mkononi, akaona kile chuma cheusi, akasogea.

Absalom akaanza na ile skrubu ya kwanza aliyoiharibu jana. Kama ncha ingekataa hapo, afadhali ajue mapema. Akaishusha. Chuma kikazama, kikapita pale palipolika, kikakaa chini kabisa kwa namna ambayo fundi huisikia kiganjani kabla hajaiona. Akazungusha. Skrubu ikakataa, ikakataa, kisha ikatoa mlio mdogo mkavu na kuzunguka.

Mtu akamwita Mungu, "Ee Nyasaye."

Baada ya hapo zikaja zote. Kubwa za kingo, ndogo za katikati, zote kwa ncha ileile moja, kama alivyosema Mzee Wasike. Zilikuwa ndefu, safi, zimepakwa nta ya nyuki ili zisishikwe na kutu. Absalom alizipanga kwenye sahani ambayo Seline alimshikia. Alitamani zisiishe. Ya mwisho ilipotoka aliitia sahanini, akainuka, akawapisha vijana wa kuinua kifuniko, akapenya katikati ya watu akaenda hadi kwenye ua wa mikonge, ambako alisimama akilitazama ziwa bila kuliona.

Alisikia kifuniko kikiwekwa chini, kisha plastiki nzito ikifunuliwa. Halafu ikaja sauti ya mama, chini sana, haikuwa kilio bali kama mtu anayeongea na mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Ni wewe. Kumbe ni wewe. Karibu, basi. Karibu."

Ndipo vilio vikapanda, boma zima, na Absalom akaona tumaini lake dogo la siri likimtoka. Hakulia. Alishika mkonge, akaachia, akaenda hatua chache, akarudi. Alisikia miguu nyuma yake. Ilikuwa Seline, na uso wake ulikuwa na hofu.

"Njoo," alisema.

"Nitakuja."

"Absalom, njoo uone. Ni wewe."

"Unasema nini?"

"Mimi ndiye ninayekuona ukilala," Seline alisema. "Kila siku nakuona. Yule pale ndani ni wewe umelala."

Alimshika mkono kama anavyoshikwa kipofu, akampeleka. Watu wakawaachia njia. Absalom alitazama chini.

Mwanzoni ilikuwa kama alivyoogopa. Aliona mtu mzima, nywele zimeanza mvi pembeni, ndevu zimekatwa vizuri, koti la buluu. Hakumkumbuka. Alingoja kumbukumbu ije, haikuja. Lakini aliendelea kutazama, kwa kuwa Seline hakumwachia mkono, na taratibu akaanza kuona vitu vidogo. Sikio la kushoto lililosimama mbali kidogo na kichwa. Yeye analo. Mstari kati ya nyusi. Yeye anao. Mama alikuwa ameitoa mikono ya Dishon chini ya kitambaa na kuishika, na ilikuwa mikono mipana yenye kucha fupi zilizokwaruzika, na dole gumba moja lilikuwa jeusi mahali nyundo ilipopiga, siku ambayo hakuna mtu pale angeijua kamwe.

"Aliondoka ukiwa mdogo," Mama Aoko alisema bila kuinua macho. "Unadhani sijui kwamba humkumbuki? Nilikuwa nakusikia ukiwasimulia watu, nikawa nanyamaza. Mshike."

Absalom akaweka mkono wake juu ya ule wa kaka yake. Ulikuwa baridi na mzito. Akakaa chini, palepale kwenye mkeka wa mama, akalia kwa sauti ambayo wengine walisema baadaye hawakujua kama anayo.

Kabla ya ibada ya jioni walirudisha kifuniko. Absalom alizikaza skrubu mwenyewe, moja moja, na mtu alipotaka kumsaidia ili kazi iishe upesi, alitikisa kichwa. Mzee Ogola alikuja akachutama kando yake, akatazama kwa muda.

"Walifunga kama watu wanaotarajia mawimbi," alisema.

"Ndivyo walivyozoea," Absalom akajibu.

Jumamosi wakamzika, kwa maombi marefu na hotuba ndefu zaidi. Jumapili mchana Wanyonyi aliwasha pikapu, kisanduku cha vifaa kimefungwa nyuma, akapiga honi taratibu.

"Tunaenda?"

Absalom alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi nje ya jiko la mama, kikombe cha chai mkononi. Mama alikuwa akichambua mboga na kumweleza jinsi Dishon alivyokuwa akitoroka shule kwenda ufukweni Luanda Kotieno, akishinda na waunda ngalawa, akirudi na mbao zilizokatwa vibaya alizoziita mashua zake.

"Wewe nenda," Absalom alisema. "Fungua gereji. Mimi nitakuja katikati ya wiki."

Wanyonyi akamtazama kidogo, akaondoa gari. Mama akaendelea pale alipokuwa ameachia.